Shangazi, niifiche shahada yangu nipate kazi ya ghala?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 31, mzaliwa wa Ujiji. Jina langu naomba lisitokee, maana mji wetu ni mdogo na watu wanasoma. Najua safu yako imezoea mambo ya ndoa na mawifi. Langu ni la karatasi tu, lakini limeleta ugomvi nyumbani kuliko hata kama ningeleta mwanaume asiyetakiwa.

Nilimaliza shahada ya sosholojia Dodoma mwaka 2017. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi, na pale mkopo ulipopelea mama alijazia kwa hela ya dagaa. Niliporudi na joho aliweka turubai na spika, mtaa mzima ukala pilau. Tangu hapo, kazi pekee niliyoipata inayofanana na nilichosomea ni mkataba wa miezi 6 mwaka 2019 katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, shirika moja liliponichukua kuwa mhamasishaji jamii. Mradi ukaisha, tukaagwa kwa soda, nikarudi nyumbani.

Kuanzia hapo niko na mama Kibirizi. Alfajiri mitumbwi ikiingia tunashuka wote kununua, tunaanika kwenye chanja, dagaa wakikauka tunapima na kufunga magunia. Mama kuandika kwake kunaishia kwenye jina, kwa hiyo daftari nashika mimi: nani kachukua kwa mali kauli, nani katuma nusu kwa simu, magunia mangapi yamepanda lori la Dar, mangapi kachukua yule mama wa Bujumbura.

Maisha yalikuwa yanakwenda. Lakini uvuvi uliposimamishwa ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, tulikula mtaji mpaka tukagusa chini. Pale ndipo nilipoamua kutafuta mshahara, hata mdogo, mradi uwe unaingia kila mwisho wa mwezi, ziwa liwe wazi au limefungwa.

Nikaanza kuzunguka na CV. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Mwanga walitaka mtu wa stoo. Meneja aliisoma yote mbele yangu, akaifunga, akaniambia: "Dada, wewe ni wa ofisini. Nikikuajiri leo, kesho ukiitwa huko juu utaniachia funguo mezani." Nyumba ya wageni niliyokwenda baadaye walicheka kabisa: "Shahada yote hii ya kukaa kaunta?" Kwingine hawakunijibu.

Sasa kuna kampuni ya kusafirisha mizigo inatafuta karani wa ghala. Sifa wanazotaka ni kidato cha nne, kujua kompyuta kidogo, na uaminifu. Wanataka CV, barua ya maombi na fomu yao ya kujaza, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu.

Rafiki yangu anafanya kazi steshenari, ndiye anayenichapia CV siku zote. Ushauri wake ni huu: "Tunafuta chuo, tunafuta kidato cha sita, unabaki na kidato cha nne kama walivyoomba. Ukishaingia ndani, nani atauliza?" Ameshaniandalia, ukurasa mmoja, safi. Lakini nikiisoma naona kama ya mtu mwingine.

Kaka yangu amepinga. Anasema huko ni kughushi, na kanikumbusha watu walivyotolewa kazini mwaka 2017 kwa vyeti feki. Mama ndiye kaniumiza. Alisikia tukibishana, akauliza tunazungumza nini, nikamweleza. Akaniambia, "Mficha uchi hazai," halafu akaongeza: "Na zile ndoo nilizobeba kichwani, nazo mtazifuta?" Tangu siku hiyo tunakwenda Kibirizi pamoja na kurudi pamoja bila neno.

Shangazi, mimi sioni aibu na shahada yangu. Ila imekuwa kama ndiyo inayonifungia milango. Nikae na njaa kwa kuheshimu cheti kilichoko kabatini? Au kuificha ni dhambi kweli? Nimekuwekea CV zote mbili, ile ndefu yangu na hii fupi ya rafiki yangu. Nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa hiyo.

Mwenye Shahada Kabatini, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Nimezisoma CV zote mbili, nikaziweka mezani bega kwa bega. Unavyoniuliza, jambo lina pande mbili tu: ufiche upate kazi, au useme ukose. Rafiki yako kachukua upande mmoja, kaka na mama wako wa pili, na wewe uko katikati na kalenda inakimbia. Nitakujibu, lakini sina hakika kwamba pande ni mbili. Wala sina hakika kwamba shahada ndiyo iliyokufungia milango. Nivumilie kidogo.

Nianze na hofu ya kaka yako, maana ni ya kweli ila kaielekeza siko. Wale watumishi wa umma 9,932 waliotajwa mwaka 2017 walihusishwa na vyeti vya kughushi. Yaani mtu anadai elimu asiyonayo. Wewe unataka kunyamazia uliyonayo, na hayo mawili hayalingani. CV si kiapo mahakamani, kila mtu huchagua la kuweka na la kuacha. Mimi mwenyewe kwenye CV yangu hutaona kwamba niliwahi kuuza maandazi stesheni, na sijamdanganya mtu.

Kwa hiyo CV ya rafiki yako ukiitazama peke yake, wengine watasema haina tatizo. Ila hujaulizwa CV peke yake. Kuna fomu, na fomu za namna hiyo mara nyingi zina mahali pa kujaza kiwango cha juu cha elimu, halafu chini kuna mstari wa kuthibitisha kwamba yote uliyoandika ni kweli, na sahihi yako. Ukiandika kidato cha nne pale, si ukimya tena. Na mbele ya fomu kuna usaili. Atakuuliza mtu kwa nia njema kabisa, "Baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 2011 ulikuwa wapi?" Hapo utasema nini? Unachokificha kwenye karatasi itabidi ukifiche kwa mdomo, halafu kila siku kazini, mbele ya watu utakaokula nao chai.

Kisheria pia si jambo jepesi. Udanganyifu mkubwa ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mfanyakazi aachishwe, na chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtu aliyekaa kwa mwajiri chini ya miezi 6 hana hata ile kinga ya kulalamika kwamba kaachishwa isivyo haki. Sisemi watakufuatilia, waajiri wengi hawana muda huo. Nasema tu kwamba siku wakikasirika kwa lingine lolote, hili litakuwa mkononi mwao.

Sasa kuna kitu ulichokiandika wewe mwenyewe mstari wa saba, ukapita. Umesema ulisoma kwa mkopo wa Bodi. Mwanangu, unajua mnufaika wa mkopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwamba ni mwajiri anayekata na kupeleka? Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anapoajiri mtu wa aina yako, na Bodi nayo hutafuta watu wake kupitia waajiri hao hao. Hebu fikiria mhasibu wa kampuni hiyo anapokea barua: mfanyakazi wenu fulani, karani wa ghala, anadaiwa mkopo wa chuo kikuu. Rafiki yako anauliza ukishaingia nani atauliza. Huyo ndiye atakayeuliza.

Na hata bila Bodi, mama yako aliweka spika. Mtaa mzima ulikula pilau ya shahada hiyo. Kati ya Ujiji, Mwanga na Kibirizi unadhani hakuna hata mpakiaji mmoja wa kampuni ile aliyeonja?

Jambo jingine nililoliona nilipozilinganisha ni kwamba shahada haifutiki peke yake. Rafiki yako alipoitoa ilibidi atoe na kidato cha sita. Kisha akatoa Nyarugusu, maana kazi ile wasingempa mtu wa kidato cha nne. Kisha akatoa wadhamini wawili, kwa kuwa mmoja ni mhadhiri wako na mwingine ndiye aliyekuwa msimamizi wako kambini. Kilichobaki ni kidato cha nne mwaka 2011, halafu ukimya wa miaka kadhaa, halafu "biashara ndogondogo". Meneja akiona pengo hilo kwenye CV ya msichana hataliacha wazi, atalijaza mwenyewe. Atadhani uliolewa ukaachika, uliugua, au uliondoka mji ukarudi. Unakimbia dhana moja, kwamba utaondoka, unamkabidhi nyingine tano.

Hayo ni ya CV fupi. Ile ndefu ndiyo iliyonishughulisha zaidi, maana ndiyo uliyoipeleka kwenye milango yote ile.

Ina kurasa nne. Ukurasa wa kwanza una dini yako, hali ya ndoa, shule ya msingi, na juu kabisa kuna aya ya Kiingereza yenye kichwa "lengo la kazi", inayosema unatamani kujenga taaluma yako katika taasisi ya kimataifa inayoshughulika na maendeleo ya jamii. Bila shaka uliiandika kwa ajili ya mashirika, wakati wa Nyarugusu, na ikabaki hapo. Lakini, mwanangu, ndiyo uliyompelekea mwenye duka la saruji na nondo! Ukirudi kwenye maneno yake utaona hakusema shahada ni mbaya. Alisema ukiitwa huko juu utamwachia funguo. Hilo la "huko juu" alilitoa wapi? Huenda shahada yako haikumwambia kitu, na wewe ndiwe uliyemwambia, mstari wa kwanza kabisa, kwamba moyo wako hauko dukani kwake. Mtu wa nyumba ya wageni naye alisoma aya hiyo hiyo. Na wale wasiokujibu, sijui waliona nini, lakini wangeishia ukurasa wa kwanza wasingekuwa wamesoma chochote kuhusu mizani, magunia wala daftari.

Maana hayo hayamo. Nilitafuta. Ukurasa wa tatu, chini ya "shughuli nyingine", kuna neno moja lililorudiwa: ndogondogo. Unachofanya Kibirizi kila siku tangu utoke kambini kimekaa hapo, baada ya semina ya siku mbili na kabla ya kupenda kusoma na kutazama mpira. Halafu ukaniandikia mimi barua ya ukurasa mmoja, na ndani yake, bila hata kujisifu, ukanieleza kazi ya karani wa ghala kuliko tangazo lenyewe lilivyoieleza. Kupokea mzigo, kupima, kufunga, kuandika kinachoingia na kinachotoka, kufuatilia wa mali kauli, kulinganisha hela ya simu na ya mkononi. Na siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani, bila shaka ni wewe unayejua magunia mangapi yabaki stoo ili yule mama wa Bujumbura asirudi mikono mitupu. Kwa mwenye ghala hiyo ndiyo kazi.

Tuseme ungeliandika hivi, mwanzoni, kabla ya elimu:

"2019 hadi sasa. Mtunza kumbukumbu na msimamizi wa mzigo, biashara ya familia ya dagaa wakavu, Kibirizi, Kigoma. Napokea na kupima mzigo unapoingia. Natunza daftari la mali iliyopo, iliyotoka na madeni. Napanga upakiaji wa magunia kwa wateja wa Dar es Salaam na Burundi. Nalinganisha malipo ya simu na taslimu kila jioni."

Pale kwenye upakiaji weka idadi ya kweli ya magunia kwa wiki, uitoe kwenye daftari, usikisie. Rafiki yako asije akakupa cheo cha Mkurugenzi wa Operesheni, nawajua watu wa steshenari. Lugha nazo uziweke zote. Umeandika Kiswahili na Kiingereza tu, na jinsi unavyoelewana na mama wa Bujumbura nadhani Kiha kinakusaidia. Kwa kampuni ya mizigo mjini Kigoma hiyo ni mali. Mdhamini mmoja awe mtu anayeijua kazi yako ya sasa, kama mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, hapo mwaloni au mteja mkubwa wa muda mrefu, na umwambie kabla hujaandika namba yake. Dini na hali ya ndoa havimsaidii mwenye ghala, labda kama fomu imeuliza. Yote yataingia kurasa mbili, na shahada itakaa sehemu yake chini, mstari mmoja, bila kupigiwa ngoma na bila kufichwa.

Ukifanya hivyo utapata kazi? Siwezi kukuahidi. Wapo mameneja ambao wakiona neno shahada kwenye nafasi ya kidato cha nne hawaendelei, hata CV ingekuwa imeandikwa na malaika. Wengine wana sababu yao, walishaachiwa kweli. Wengine wanaogopa kumwagiza mtu aliyewazidi kusoma, na hilo halitibiwi na karatasi. Ukienda wazi unaweza kukosa nafasi ambayo kwa kujificha ungeipata. Nisingependa ukachague njia hii ukidhani haina gharama.

Na hapa nina swali ambalo sitaki unijibu mimi. Meneja wa saruji alisema utaondoka. Je, alikosea? Ajira za serikali zikitangazwa kesho kwa fani yako ukaitwa kwenye usaili, utabaki ghalani? Una miaka 31, na matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira hupokea waombaji hadi miaka 45, kwa hiyo mlango huo haujafungwa, wala sikushauri uufunge. Lakini kama jibu lako la ndani ni kwamba unataka ghala hili kwa muda, mpaka mtaji wa mama urudi, basi hofu ya meneja si dharau, ni hesabu. Unaweza kuikabili kwenye barua ya maombi, sentensi mbili tatu: kwamba una shahada na hujaificha, kwamba unaomba nafasi hii ukijua ni ya kidato cha nne na ukijua mshahara wake, na kwamba umekuwa kwenye kazi ya mzigo kwa miaka yote hii mjini kwenu, kwenye familia yako. Ukiweza kusema kwa kweli utakaa angalau mwaka mmoja au miwili, sema. Usipoweza, usiseme, maana hapo ndipo uongo utakapoingia kwa mlango ambao hata rafiki yako hakuufikiria.

Njia nyingine, ambayo kwa mji kama wetu si ndogo, ni kwenda mwenyewe kabla ya Ijumaa. Si kwenda kuomba huruma. Ni kumuuliza msimamizi wa ghala kazi ikoje, wanatumia daftari au kompyuta, zamu za usiku zipo au hazipo. Utajifunza la kuandika, na yeye atakuwa amekuona kabla hajaona shahada. Hatari yake ni kwamba anaweza kukukataa hapo hapo mlangoni, na kwa mtu aliyekwisha chekwa kaunta najua hilo linauma.

Na kama baada ya yote utaamua kwenda na CV ya rafiki yako, siwezi kukushika mkono. Njaa si nadharia. Ila hapo nenda ukijua mipaka yako: utajibu nini ukiulizwa miaka ile, utaandika nini kwenye fomu, na utafanya nini siku barua ya Bodi itakapofika. Na usimwombe mdhamini yeyote akufichie. Hilo litakuwa deni la mtu mwingine juu yako.

Mama. Sikutaka kumweka mwisho, lakini barua yako nayo imemweka mwisho. Unadhani kakasirikia CV. Mimi nasikia kitu kingine katika yale maneno ya ndoo. Alikuuliza kama na kazi yake nayo itafutwa, na ukitazama vizuri ilikuwa imefutwa tayari, kwenye CV zote mbili, hata ile ndefu yenye shahada. Aliyekusomesha kwa dagaa anaitwa "biashara ndogondogo" mara mbili. Sijui kama aliliona hilo, maana umesema kusoma kwake kunaishia kwenye jina. Msomee. Msomee ule mstari mpya kabla haujachapwa, umuulize kama umeandika sawa, mnapima vipi, mnauza kwa nani. Huenda akasahihisha mambo mawili matatu, na huenda akaendelea kununa, mama zetu hawatabiriki. Lakini hakuna mwingine anayejua kazi yako kuliko yeye, na mtaalamu wa kukuandikia sehemu hiyo unaye nyumbani.

Kuhusu Ijumaa: usisubiri siku yenyewe, umeme ukikatika na foleni ya steshenari unaijua. Chapa Jumatano, hifadhi kwa PDF yenye jina lako, na hakikisha namba ya simu uliyoandika ndiyo unayotembea nayo, maana ya kwenye CV ndefu na ya kwenye fupi hazifanani. Na kabla ya hapo, angalia deni lako la Bodi limefika ngapi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo inawezekana si kubwa kama unavyodhani. Kisha chukua mshahara wanaotaja, toa hiyo asilimia 15, toa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, uone kinachobaki kama kinazidi kile unachopata ukikaa na mama siku za ziwa wazi.

Niandikie ulivyoamua, iwe vyovyote.